Kipimo Changu cha Moto wa Mapinduzi

Alhamisi, 1 Julai 1993. Igoma.

Rasimu ya tasnifu yangu imerudi. Kurasa zote za moto, na Dkt. Justa, msimamizi wangu, ameandika juu ya jalada sentensi mbili tu. Kwa penseli! Kana kwamba hata hasira yake haistahili wino. Anauliza kipimo changu kinapima nini hasa. Anataka nithibitishe uhalali wake.

Atapita Mwanza Jumatatu ya tarehe 12, akitokea kwao Bukoba kwa meli, na atakutana na sisi wanafunzi wake wa Kanda ya Ziwa. Mwenye ushahidi atahitimu Chuo kitakapofunguliwa. Asiye nao atarudia mwaka.

Kurudia mwaka! Mimi, niliyeongoza mgomo uliofunga Chuo! (Tangazo rasmi halikunitaja kwa jina. Lilisema "kikundi kidogo chenye kelele". Nimelikata gazetini na kulihifadhi.)

Historia na ikumbuke: Kipimo cha Moto wa Mapinduzi kina kauli arobaini. Mhojiwa hujibu Nakubali au Sikubali. Kila Nakubali ni kaa moja la moto. Makaa arobaini, mwanamapinduzi kamili. Chini ya kumi, kibaraka. Nimejipima mara kadhaa tangu Machi. Arobaini kila mara! Huo unaitwa uthabiti. Lakini Dkt. Justa alitwambia darasani kwamba hata mzani wa pamba unaompunja kila mkulima kwa kiasi kilekile ni thabiti, ila si halali. Mfano mzuri sana. Nilisimama kuupigia makofi, nikatoa hotuba juu ya mizani ya pamba hadi kipindi kikaisha. Kwa sababu hiyo aina zenyewe za uhalali nimelazimika kuzinakili kwa Okwach.

Okwach! Tulilala chumba kimoja Chuoni. Mtu wa Shirati, sasa amefikia kwa shangazi yake Ilemela. Naye ana kipimo. Anapima subira. Kauli kumi na mbili! Nchi inauzwa kiwanda baada ya kiwanda, na yeye anapima subira!

Aina za uhalali zinazotakiwa ni tano. Nitaziangusha mojamoja.


Jumamosi, 3 Julai.

Uhalali wa sura. Huu ndio mwepesi kuliko yote. Mtu wa kawaida akikitazama kipimo, kimwonekee kuwa kinapima kile kinachodai kupima. Mtu wa kawaida aliyekuwa karibu ni mama.

Nikampa karatasi jikoni. Akafuta mikono, akaishika kwa ncha za vidole, akauliza kama ni ya sensa ya mifugo au ya kodi. Nikamwambia ni ya mapinduzi. Akaniomba kwanza nipunguze sauti. Kisha akasema kwa macho yake yeye ni ya kodi, maana ina vijumba vya kuweka alama ya vema, na maishani mwake hajaona karatasi yenye vijumba iliyokuja kuleta kitu. Baadaye nilimwona akiwahamishia mbuzi wawili nyuma ya nyumba ya jirani.

Nikamwendea Mjomba Malimi, kaka yake mama, kiongozi wa kundi la ngoma la hapa Igoma. Akaigeuza mbele na nyuma, akauliza kama inatoka chama cha zamani au hivi vipya, ili ajue atabasamu namna gani.

Binti yake Kija, mpiga ngoma wa kundi, ni binamu yangu, na kwa desturi yetu ni mtani wangu tangu tulipozaliwa. Akasema karatasi inafanana na mwenyewe: maneno mengi, na mahali padogo pa kujibu.

Nimetafakari jioni nzima nikizunguka uwanja. Wa kwanza ameficha mbuzi. Wa pili ameandaa tabasamu. Wa tatu ametukana. Wote wametikisika! Na mapinduzi ni nini kama si mtikisiko? Uhalali wa sura: umethibitika.


Jumapili, 4 Julai.

Uhalali wa maudhui. Kauli zote kwa pamoja ziguse eneo zima la jambo linalopimwa, pasibaki pembe iliyoachwa. Hili huamuliwa na jopo la wataalamu. Tatizo: wapi utapata wataalamu wa mapinduzi Igoma? Nimeunda jopo la watu watatu. Mimi, mwenyekiti. Mjomba Malimi, ambaye ujanani aliongoza wakulima kukalia magunia yao ya pamba mbele ya mzani wa chama cha ushirika. Na Okwach, ambaye hakuteuliwa bali alifika wakati wa chakula.

Tumekaa baada ya kanisa. Mjomba akasoma kauli zote kwa sauti, polepole, kama anayetangaza ndoa. "Mimi husimama wa kwanza penye dhuluma." "Siwezi kukaa kimya mkutanoni." "Ninapozungumza, watu huacha wanachofanya." Akafika mwisho, akakohoa, akasema kuna pengo. Hakuna hata kauli moja inayouliza ng'ombe watachungwa na nani siku ya mgomo. Nikamjibu kwamba hilo ni suala la mipango, si la moto. Akasema basi huo moto wangu haujawahi kuwa na ng'ombe.

Okwach alimaliza samaki wake kwanza, mpaka kichwa. Kisha kwa ule upole wake unaoniudhi akauliza: na wale watu wanaonyamaza, halafu wakatenda, wamo humu? Nikamwambia hakuna watu wa namna hiyo. Akatazama sahani. Kija, aliyekuwa akiondoa vyombo na ambaye hakuwa mjumbe wa jopo, akasema wapo, ila mimi sijawahi kuwasikia kwa sababu huwa nazungumza.

Kura: moja ndiyo, mbili zenye mashaka. Mwenyekiti ana kura ya turufu. Maudhui: yamethibitika.


Jumatatu, 5 Julai.

Sasa wahojiwa. Kundi zima la Mjomba, wacheza ngoma ishirini na sita, lilikuwa uwanjani kwake kwa mazoezi. Wana shindano Jumapili kule Kisesa dhidi ya kundi la Shimba, lililowashinda msimu uliopita kwa kucheza na chatu. Nikapanda juu ya kinu na kuwasomea kauli zote ili wazielewe kabla ya kujibu.

Hadi ya kumi na sita mambo yalikwenda vizuri. Ya kumi na saba ikasema: "Soko huria ni fisi aliyeingia zizini." Ngoma zikanyamaza. Mama mmoja akabeba mtoto wake akaondoka. Wanaume wawili wakatazamana kwa namna ambayo sikuipenda.

Mjomba akanivuta pembeni, kanishika mkono kwa nguvu. Akaniuliza nimesoma wapi kutaja fisi jioni mbele ya watu. Fisi ana mwenyewe, mchawi anayemfuga, akasema. Kila mtu pale sasa anajiuliza nimemkusudia nani, na wale wawili walishakuwa na mashaka yao tangu ndama alipopotea. Kundi likivunjika kwa ajili ya karatasi yangu, atanipa mimi nicheze na chatu.

Nimebadilisha fisi kuwa kupe. Kupe amepokelewa kwa vigelegele. Hawa ni watu wa ng'ombe! Kija kaongeza kwamba kupe hata yeye anamjua mmoja, amerudi nyumbani tangu Chuo kifungwe.

Nimegawa karatasi. Watazirudisha kesho.


Jumanne, 6 Julai.

Ushindi! Ushindi usio na mfano katika taaluma! Karatasi zote zimerudi. Wote ishirini na sita wamepata arobaini! Nimeishi miaka yote hii katikati ya wanamapinduzi kamili na sikujua!

Baadaye. Nimegundua kwamba mwandiko ni mmoja.

Nimemwuliza Mjomba. Akashangazwa na mshangao wangu. Jambo linalowagusa wote halijibiwi na mmoja, akasema. Waliketi, wakalijadili kauli kwa kauli hadi wakapatana, kisha Kija, mwenye mwandiko mzuri, akawaandikia wote. Nikamwonyesha kwamba wamekubali kauli ya nane, "Ni bora kufa nikipigana," na pia ya thelathini na moja, niliyoitega makusudi, "Ni bora kusubiri mambo yatulie." Zinapingana! Akasema hawakuona busara kumkatalia mtoto wa dada yake, tena msomi, mbele za watu. Mgeni akikuuliza kama chakula kimeiva, huwezi kumjibu hapana.

Nikamwomba basi anipangie wachezaji wake kwa ukali wa moto, kuanzia mkali kabisa hadi baridi, ili nilinganishe mpango wake na alama zangu. Huo ndio uhalali sambamba: kipimo kikubaliane na ushahidi mwingine wa wakati uleule. Akawapanga upesi. Wa kwanza ni yule anayewahi mazoezini. Wa mwisho ni anayekunywa.

Nimeketi na kikokotoo kutafuta uwiano. Alama zote ni sawa, hakuna mtawanyiko, kwa hiyo hesabu inadai nigawanye kwa sifuri. Kikokotoo kimekataa. Nimekibembeleza, nimekitisha, nimekibadilishia betri. Kimekataa. Wiki nzima nimehubiri mgomo, na mgomaji pekee niliyempata ni kikokotoo!

Lakini nauliza: ikiwa wote wana moto kamili, kosa ni la moto au ni la hesabu? Uhalali sambamba: umethibitika kupita uwezo wa mashine.


Jumatano, 7 Julai. Sabasaba.

Sikukuu. Watu wanapumzika. Mimi siwezi. Nimekwenda Ilemela.

Uhalali wa dhana ndio mgumu. Unadai uonyeshe kwamba wazo lenyewe lililo nyuma ya kipimo lipo, na kwamba kipimo chako kinalishika hilo, si jirani yake. Njia mojawapo ni kukilinganisha na kipimo cha kitu kingine kabisa na kuonyesha kwamba havifuatani. Kitu kilicho mbali kabisa na moto wangu ni kipi? Subira! Nilihitaji kipimo cha Okwach. Na ningefika pale, ningeweza pia kukiharibu kidogo. Taaluma ni uwanja wa mapambano.

Nilimkuta ufukweni na wavuvi, chini ya mawe makubwa. Nikajitolea kuwa mhojiwa wake. Akafurahi, maskini! Nikajibu kauli zake zote kumi na mbili kama malaika: sijawahi kukasirika nikisubiri, sijawahi kumkatiza mtu, sijawahi kuruka foleni madukani. Alama kamili! Sasa data zake zingekuwa na mtu mwenye subira kamili ambaye ni mimi. Nilikaribia kumwonea huruma kwa ujanja huu.

Kumbe baada ya karatasi kuna kazi. Kila mhojiwa hupewa wavu uliosokotana, na Okwach hutazama anavyoufungua. Wavuvi waliketi wakinitazama. Mmoja akaniita profesa. Nilianza vizuri. Fundo la kwanza likakubali. La pili likazaa la tatu. Kisha kidole gumba kikanaswa, kisha kifungo cha shati, na mzee mmoja akaniuliza kwa heshima kama natega au nategwa.

Wavu uko ziwani. Niliurusha kwa nguvu zote, na kifungo kikaenda nao.

Nilidhani Okwach atalia. Akanishika mkono kwa mikono miwili! Akaeleza kwamba katika zile kauli kumi na mbili amechanganya tatu ambazo binadamu mkweli hawezi kuzikubali, kama hiyo ya kutokasirika kamwe, ili kuwanasa wanaojipamba. Wavuvi wote walikuwa wakweli mno. Hakuwa amepata hata mmoja wa kunaswa. Sasa amepata, na mpaka wavu umemthibitisha. Dkt. Justa atafurahi sana.

Nimerudi kwa miguu. Dhana: moto na subira havifuatani, ushahidi uko chini ya maji. Imethibitika.


Ijumaa, 9 Julai.

Silali. Silali kabisa. Umebaki uhalali wa utabiri, na ndio utakaoniokoa au kuniangusha: alama za leo zitabiri tendo la kesho. Tendo gani? Nimewaza mgomo katika kiwanda kipya cha minofu ya samaki, lakini langoni waliniuliza kama nimekuja kwa ajili ya vichwa vya sangara, foleni ni upande wa pili. Nimewaza maandamano ya Igoma nzima. Mama akasema siku ya mnada haifai, na siku nyingine watu wako shambani.

Leo asubuhi nimemkuta Mjomba akijadili shindano na wazee. Sharti lao ni la zamani: makundi mawili yanacheza wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji huenda wanakovutwa. Jua likizama, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Basi! Nikawaambia kwamba hicho ni kigezo dhaifu. Umati unapima nini? Ufundi? Sauti? Chatu? Mjomba akanijibu kwamba unapima umati, na kwamba dawa ya mvuto aliyopewa na mganga inajua vizuri inachotakiwa kuvuta.

Nilikuwa nimeshafika njiani nikasimama ghafla. Umati! Kigezo kimelala miguuni pangu! Mwanamapinduzi kamili ni nani kama si yule anayewavuta watu? Nina alama arobaini. Natabiri, kwa maandishi, kabla ya tukio: Jumapili nitasimama katikati ya uwanja, baina ya makundi yote mawili, nitahutubia juu ya soko huria, na nusu ya kila umati itakuja kwangu.

Nimemdokezea Kija. Utani ukamtoka usoni. Akasema baba yake akishindwa na chatu mara ya pili, kundi litavunjika, wachezaji watamhamia Shimba. Nikichukua nusu ya watu wake, nisimwite mjomba tena.

Nimemweleza kwamba sayansi haina mjomba. Akaniuliza nitasimama juu ya nini. Nikamwambia juu ya kreti la soda. Akasema ataniletea mwenyewe. Nimeguswa. Hatimaye ameelimika.


Jumapili, 11 Julai. Kisesa.

Umma! Umma wenyewe!

Nilipanda juu ya kreti jua likiwa limeanza kuinama. Lilikuwa limepakwa kitu chenye mafuta, viatu vikateleza kidogo. Kulia, kundi la Mjomba na watu wachache. Kushoto, Shimba na chatu wake shingoni, na halaiki kama ya mnada. Katikati, mimi na ukweli.

Nikapaza sauti: "Ndugu wananchi!" Hakuna aliyegeuka. Nikasema wakoloni wamerudi kwa mlango wa nyuma. Ndu! Ngoma ya Kija ikajibu. Nikamkazia macho. Nikasema walipotoka walichukua dhahabu, sasa wamekuja kwa samaki. Ndu-ndu! Nikakanyaga kreti kwa hasira. Ndu! Kina mama wakapiga vigelegele. Nikamwamuru anyamaze, nikanyoosha kidole kumwelekea, na wachezaji wote ishirini na sita wakanyoosha vidole. Nikaweka mikono kiunoni. Wakaweka mikono viunoni. Walikuwa wamenizunguka!

Na hapo ndipo fahamu ya umma ilipoamka. Upande wa Shimba watu walianza kugeuza vichwa. Kisha miili. Kisha wakaja, kwanza wanawake, kisha wanaume wenye baiskeli, kisha kila mtu. Waliacha chatu! Nikawahutubia juu ya viwanda, juu ya ruzuku ya mbolea, juu ya ada za shule. Kila sentensi ngoma iliipigia muhuri. Watu wakashika matumbo. Wengine waliketi chini. Mzee mmoja alimwegemea mwenzake akipiga kelele kwamba nisimalize, nisimalize!

Nilipofika kwenye kupe, kreti likaniponyoka. Nilianguka kwa mgongo. Ngoma ikaanguka nami, ndu! Nikasimama upesi, nikaendelea kutoka kwenye neno lilelile. Mlio ule uliotoka kwa watu sijausikia hata siku ya mgomo.

Jua lilipozama, upande wa Shimba alikuwa amebaki chatu na mtu wa kumshika. Shimba mwenyewe alikuwa kwangu, mstari wa mbele. Waamuzi wakampa ushindi Mjomba. Nikabebwa juu juu. Mjomba alilia. Akasema mganga yule ni mtu wa kweli, dawa yake, ambayo Kija aliipaka kwenye kreti, imefanya kazi hadi ikapitiliza.

Dawa! Ushirikina wa kusikitisha. Nilitabiri nusu, nimepata wote! Na juu kabisa ya haya: katikati ya umati nilimwona Okwach, na kando yake mwanamke mwenye miwani akifuta machozi kwa upande wa khanga. Dkt. Justa! Alikuwa ametua na meli ya asubuhi. Amelia. Moto umemfikia.


Jumatatu, 12 Julai.

Nitajitahidi kuandika kwa utulivu. Nitashindwa.

Tulikutana naye mjini, katika hosteli ya kanisa. Shikamoo, marahaba, chai. Okwach aliingia kwanza na akatoka kabla chai yake haijapoa. Amepita. Mwalimu kamwambia aongeze aya moja juu ya mhojiwa aliyetupa wavu.

Kisha mimi. Nikamweleza aina zote tano kwa mpangilio, kwa sauti inayostahili. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo lililonipa matumaini. Akaanza kwa kusema hajacheka vile tangu afiwe na mumewe, na ananishukuru. Kucheka! Kisha akauliza, kama anayeuliza njia ya sokoni. Utabiri wangu ulikuwa nusu ya watu, walikuja wote, kwa nini? Nikajibu: moto. Akauliza nitajuaje kama si ngoma. Au kama si dawa, maana Mjomba naye ana utabiri wake, na umetimia vizuri kuliko wangu. Au kama si kule kuanguka. Akasema utabiri ukitimia unatangaza kwamba kuna kitu. Hauna mdomo wa kusema ni kitu gani. Akauliza pia: baada ya hotuba, kuna hata mmoja aliyegoma popote?

Nilijibu kwa kirefu. Hakunikatiza.

Nilipovuta pumzi, akasema jambo ambalo sikulitarajia. Kipimo changu ni kizuri. Kauli zimeandikwa vizuri, zinashikamana, na data nimezileta bila kuzificha, hata zile za mwandiko mmoja. Kilicho cha uongo ni jina tu. Nilichopima si moto wa mapinduzi. Ni hamu ya mtu kusikilizwa. Soma kauli zako upya kwa jina hilo, akasema, utaona kila kitu kinakaa mahali pake: wewe una alama zote, wale wachezaji ambao hakuna kati yao aliyetaka sauti yake isikike peke yake walijibu kwa mdomo mmoja, na uwanja wa Kisesa ni ushahidi ambao watafiti wengine wangeutamani. Nibadilishe jina, niandike upya sura ya kwanza, naye atatia sahihi pale pale. Nitahitimu pamoja na wenzangu. Akanisogezea kalamu.

Nilisimama. Nilimwambia kwamba nchi hii imekwisha kubadilishiwa majina ya kutosha: kuuza kunaitwa kubinafsisha, kulipa kunaitwa kuchangia, na sasa moto wangu uitwe hamu! Kwamba wapo watu wanaoweza kununuliwa kwa shahada, mimi si mmoja wao! Nilizungumza hadi wahudumu wakaja mlangoni. Wawili waliketi. Nilipoona wameketi, nikarudia sehemu ya ubinafsishaji.

Dkt. Justa akafunga faili polepole, kwa huzuni nadhani. Akasema basi tutaonana mwakani.

Okwach alikuwa kwenye benchi nje, amesikia yote, kama mtaa mzima. Akanisihi nirudi ndani. Alisema, "Ndugu yangu Machibya, ni jina tu hilo. Andika, uhitimu, halafu upige kelele ukiwa na shahada mkononi." Macho yake yalikuwa na maji. Nimemsamehe. Mwenye subira hawezi kuelewa msimamo.

Mama nimemweleza. Akasema alishawaambia kina dada zake kwamba mwaka huu watashona sare ya mahafali. Kisha akaenda kuwaambia wasishone.


Alhamisi, 15 Julai.

Nimezunguka uwanja kwa siku tatu na kosa nimelipata. Ni dhahiri kiasi cha kuaibisha. Kauli arobaini ni chache mno! Kipimo kipya kitakuwa na kauli themanini. Nimeshaandika sitini na tatu, na nimejijaribu: sitini na tatu.

Adhuhuri Mjomba Malimi amekuja na ujumbe wa wazee watatu, wamevaa makoti. Wana mwaliko wa kucheza Magu Jumapili, na watu wa Magu wametuma neno kwamba wasije bila yule wa kwenye kreti. Wamenitaja! Kwa kazi yangu! Umma haujasahau kitu hata kimoja katika hotuba ile. Nimeuliza sehemu gani imewagusa zaidi. Wazee wakatazamana, wakasema zote.

Nimeweka masharti. Hotuba isifupishwe. Soko huria litajwe kabla ya ngoma kuanza, si baada. Mjomba amekubali yote kabla sijamaliza kuyasema. Kija amenipima kichwa kwa ajili ya manyoya ya mbuni na vifundo vya miguu kwa ajili ya njuga, maana kiongozi, kasema, lazima watu wa mwisho kabisa uwanjani wamtambue. Hoja yenye nguvu. Mbegu ya siasa inaanza kuota kwa binti huyu.

Mjomba alikuwa na ombi lake moja tu, alilileta kwa kuzunguka. Kule Kisesa nilianguka mara moja. Je, ingewezekana Magu nikaanguka mara mbili? Nimemweleza kwa uthabiti kwamba kuanguka kule kulikuwa ajali ya kihistoria, na kwamba historia haipangwi. Akasema analielewa hilo. Akauliza tu kama historia haiwezi kujitokeza tena karibu na machweo, watu wanapoanza kuchoka.

Nimemwambia nitalizingatia. Tangu alasiri niko nyuma ya nyumba, na kuku wamehama. Kwa mgongo inaumiza na haina ujumbe. Kwa ubavu ni bora, mkono ukiwa umeinuliwa. Kiongozi wa umma hata akianguka, lazima aanguke akielekea mbele.